Mikono ya Mshika Kamba

Alhamisi, tarehe 10 Julai 2025. Manyunyu yalikuwa yameanza kabla ya alfajiri na hayakuwa na haraka ya kwisha. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu mpaka magotini, na huko Ngaramtoni ng'ombe walikuwa wakitoa mvuke puani kama masufuria yaliyobandikwa jikoni.

Gadiel alikuwa amesali mara tatu tangu aamke, na mara zote tatu sala ilimponyoka katikati. Alianza vizuri, "Baba, nakushukuru kwa usiku," akafika mahali pa kuombea kazi ya siku, na hapo mawazo yakatoka mbio kama ndama aliyeona lango wazi. Akasimama, akachungulia dirishani, akarudi kupiga magoti. Akasimama tena. Mwisho akasema tu, "Wewe unajua," akavaa buti.

Kazi yake ilikuwa kutapisha vyoo. Choo cha shimo kikijaa mahali ambapo gari kubwa la kunyonya maji taka halipiti, watu huitwa wakichote kwa mikono. Wanakwenda wawili: mmoja anashuka shimoni na ndoo, mwingine anabaki juu na kamba iliyomfunga mwenzake kifuani. Gadiel alikuwa mshika kamba. Aliyeshuka alikuwa Lesikar, kaka wa mke wake, mtu wa miaka hamsini na minne aliyeanza kazi hiyo kabla hajaota ndevu.

Sasa kamba haikuwa mahali pake nyuma ya mlango.

"Nosim!" aliita. "Kamba iko wapi?"

Mke wake alikuwa amechuchumaa anakamua. Hakugeuka. "Kamba gani?"

"Unaijua."

"Si mmesema leo ni mashine? Mashine nayo inafungwa kamba kifuani?"

"Ya kufungia mashine kwenye guta, isidondoke njiani."

Nosim aliacha kukamua. "Gadiel, nimekaa na wewe miaka kumi na tisa. Ukidanganya unajikuna shingo."

Gadiel aliushusha mkono wake haraka.

"Iko chini ya majani ya ng'ombe," Nosim alisema. "Niliificha mimi. Kaka alipita hapa jana jioni. Anasema mashine ni kitu cha kuchezea, na Jumatatu ana chemba ya maji taka huko Kijenge ambayo atashuka mwenyewe. Umemwambia aache?"

"Nitamwambia."

"Hiyo 'nitamwambia' naisikia tangu Gerson azikwe."

Gadiel aliinama akafukua majani. Kamba ilikuwa na ubaridi wa umande, nayo ilimkaa mkononi kama kitu kinachomjua.  Akaondoka.

Njia nzima hakutulia. Aliweka kamba begani, akaihamishia bega la pili, kisha akaikumbatia. Alikuwa akimfikiria Gerson.

Watu wa kazi hii wana desturi yao. Anayeshuka lazima aimbe. Haijalishi sauti ni mbaya au nzuri. Huimba kwa kuwa mshika kamba hamwoni gizani, ila akimsikia anajua kwamba bado yupo. Wimbo ukikatika, unavuta. Lesikar alikuwa na wimbo wake aliojitungia mwenyewe, nusu Kimaasai, nusu Kiswahili, wenye kiitikio hiki: Baba, shimo ni refu, lakini mkono wako ni mrefu zaidi. Gerson, mwenzao wa kikundi, yeye aliimba chochote, hata matangazo ya redioni. Miaka miwili iliyopita, siku ambayo Lesikar alikuwa msibani, Gerson alishuka kwenye karo moja akiwa na mafua. Aliimba kidogo, akakohoa, akaimba kidogo. Kisha pakawa kimya. Gadiel akasema moyoni, anakohoa huyu, ngoja nihesabu mpaka kumi. Akahesabu mpaka kumi. Alipovuta, alimvuta maiti.

Hakuna aliyemlaumu. Mchungaji alimshika mkono, mjane wa Gerson alimshika mkono. Lakini tangu siku hiyo Gadiel hakuweza tena kuhesabu kitu chochote mpaka kumi, hata vifaranga.

Nyumba ya siku hiyo ilikuwa Moshono, ndani kabisa, kwenye kichochoro ambacho guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, lilipita kwa kujipenyeza. Mwenye nyumba alikuwa Mwalimu Pudensiana, mama wa Kichaga aliyestaafu ualimu, mwenye vyumba sita vya wapangaji na choo kimoja kilichojaa mpaka mdomoni. Jumapili mjukuu wake, Blessing, angepata kipaimara, na wageni wangetoka Marangu na Kilema kuja kula na kunywa. Watu wanaokula na kunywa, alisema Mwalimu, hawaulizi kama shimo limejaa.

Lesikar alikuwa ameshafika. Amejifunga blanketi jekundu juu ya ovaroli, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo, shemeji," Gadiel alimwamkia.

"Marahaba." Macho yake yalienda kwenye kamba kabla ya kwenda usoni. "Aa! Umeileta."

"Ya kufungia mashine."

"Naam. Ya kufungia mashine." Lesikar akacheka mpaka blanketi likatikisika. "Mchawi mpe mwanao akulelee, na shemeji mpe kamba akubebee."

Mashine ilikuwa pampu yenye injini ya petroli, ndogo kama mbuzi aliyelala, ikiwa na mpira mnene wa kunyonyea na mwingine wa kupelekea uchafu kwenye tenki lililokuwa juu ya guta pale getini. Ilikuwa mali ya umoja wa wasafisha vyoo. Kila kikundi kilipewa wiki moja kuijaribu, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kikundi chao. Wakimaliza shimo hili wangeachiwa waendelee nayo; wakishindwa, ingepelekwa kwa wenzao upande wa pili wa mji, na hakuna aliyejua ingerudi lini.

Aliyeiendesha alikuwa Diana, dada wa Kimeru kutoka njia ya Makumira, mwenye miaka thelathini hivi na diploma ya ufundi mitambo. Alikuwa akivuta uzi wa kuwashia injini. Alivuta mara kumi na saba. Baridi ilikuwa imeifanya injini iwe na kiburi.

"Binti," Lesikar alimwita, "hiyo pikipiki yako matairi umeyaacha nyumbani?"

"Shikamoo, mzee wangu. Haina matairi, wala haihitaji kuimba."

"Nani amekwambia habari za kuimba?"

"Arusha nzima wanajua. Wanasema ukishuka shimoni wapangaji wanatoa viti nje wasikilize kwaya."

"Wanatoa viti, ndiyo. Na wewe utatoa chako."

"Mimi kwaya ninayo, Jumapili saa nne," Mwalimu Pudensiana alisema kutoka mlangoni pa jiko. "Ninachotaka ni choo."

Injini ikashika. Kelele yake ilijaza ua mzima, kuku wakakimbilia uvunguni mwa tanki la maji, na Diana akalazimika kupaza sauti ili kusema alichokusudia kusema.

"Sheria ni moja tu! Mashine ikiwepo, hakuna anayeshuka. Hata nusu dakika! Tope likikorogwa linatoa hewa mbaya kuliko lilipotulia. Na ukiona harufu imekata ghafla usishukuru. Pua ndiyo imeshindwa, siyo hewa imekuwa safi!"

"Mimi pua ilishindwa mwaka tisini na nane," Lesikar alijibu kwa sauti hiyohiyo, "na bado nipo!"

Gadiel alicheka pamoja nao. Aliiweka kamba juu ya mawe, mbali na shimo. Baada ya muda mfupi akaiona iko karibu. Hakujua kama ni yeye aliyeihamisha.

Saa za kwanza mashine iliwaaibisha waliokuwa wakiidharau. Mpira ulinyonya, ukatetemeka kama koo la ng'ombe anayekunywa, na uchafu ukapanda bila ndoo, bila mgongo wa mtu. Tenki likajaa, Diana akalipeleka kwenye mabwawa ya maji taka, akarudi, likajaa tena. Shimo lilishuka futi tano. Hata Mwalimu alitoka na kikombe cha chai mkononi kutazama, akatikisa kichwa. "Yesu na Maria," alisema. "Na hapa miaka yote tumekuwa tukiwatumbukiza watoto wa watu."

Gadiel alisikia kifua kikimfunguka kidogo. Aliwaza: leo jioni nitamwambia Nosim. Nitamwambia, imewezekana.

Ndipo mpira ukaziba.

Waliuvuta juu, wakatoa pampasi tatu na gunzi la hindi. Wakaurudisha. Ukaziba tena. Safari hii lilikuwa gunia. Diana alikuwa na mti mrefu wenye kulabu ya chuma mwishoni, wa kuvulia takataka. Aliingiza, akavua, akaingiza, akavua: chupa, tambara, kiatu cha mtoto, tambara. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa konokono, na chini tope lilikuwa limekaza kama ugali wa jana. Kisha kulabu ikashika kitu kizito kisichokuja. Gadiel akamulika tochi. Lilikuwa blanketi zima, limejiviringisha mdomoni mwa mpira, na kila wakilivuta kulabu ilichana uzi mmoja na kuteleza.

"Nani anatupa blanketi chooni?" Mwalimu aliuliza mbingu.

"Mpangaji aliyefukuzwa," Lesikar alimjibu. "Hicho ni kisasi, Mwalimu, siyo uchafu."

"Basi mimi nasema wazi. Mpaka saa nane shimo hili halijaisha, nawaita wale wa ndoo wa mtaa wa pili. Msinione mbaya. Nina wageni sabini."

Saa ilikuwa sita kasoro. Gadiel alitembea mpaka ukutani, akarudi. Akatembea tena. Vidole vilikuwa vinamwasha.

"Tulegeze tope kwa maji," Diana alisema. "Tumwage ndoo kumi, kumi na tano, tukoroge, blanketi litaelea lenyewe. Inahitaji uvumilivu tu. Bomba la hapa halitoi, naenda kuomba kwa jirani. Injini iacheni ingurume, nikiizima na baridi hii itanigomea saa nzima. Na msifanye chochote. Umenisikia, kaka Gadiel?"

"Nimekusikia."

Akatoka getini na ndoo mbili.

Hakuwa amefika mbali Lesikar alipoinuka, akalivua blanketi lake na kulikunja vizuri juu ya ndoo kama mtu anayekwenda kuoga.

"Shemeji, hapana," Gadiel alisema.

"Naliona pale lilipo. Nashuka, nalifunga kwenye kulabu kwa mkono wangu, napanda. Yule binti akirudi atakuta mashine yake inakunywa. Tutakuwa tumemsaidia."

"Amesema hata nusu dakika."

"Amesema. Na mimi nimeshuka mashimo mengi kuliko siku alizokwenda shule." Alikuwa tayari ameiokota kamba, anaipitisha chini ya makwapa. Mafundo yake yalikuwa mazuri kama siku zote. "Wanataka kuirudisha mashine, Gadiel. Unataka irudi? Saa nane ile si mbali. Mimi siipendi hiyo mashine, lakini Nosim anaitaka, na wewe unaitaka, mnanitazama kila siku kama ng'ombe anayeuzwa. Haya, nawapa mashine yenu. Shika kamba."

"Sishiki."

Lesikar alimtazama bila hasira. "Usiposhika nitashuka bila kamba. Chagua."

Hilo ndilo lililomshinda Gadiel. Alitazama getini, Diana hayupo. Alitazama jikoni, mlango umefungwa. Akamwambia Mungu, nisaidie, akashika.

Lesikar alikaa kwenye ukingo, akapeleka mguu chini akitafuta tofali la kwanza. Kabla kichwa hakijazama aliinua uso. "Harufu imekata," alisema, akatabasamu. "Hewa ni safi." Kisha akafumbua kinywa aimbe.

Gadiel aliona mdomo ukifunguka. Aliona shingo ikijaa. Lakini hakusikia neno.

Injini ilikuwa ikinguruma hatua sita kutoka alipokuwa. Ilikuwa imenguruma asubuhi nzima mpaka masikio yalikuwa yameizoea, na wala haikuwajia akilini, yeye wala Lesikar, kwamba ngurumo hiyo ilikuwa imelala juu ya wimbo. Miaka yote walikuwa wamefanya kazi kwenye ukimya. Ndoo, kamba, na sauti ya mtu. Leo walichukua desturi ya zamani wakaiweka ndani ya kelele mpya, na hakuna aliyefikiri.

Kichwa cha Lesikar kilizama gizani.

Gadiel aliinama mpaka karibu adondoke. Hakusikia kitu. Alitazama mashine. Kitufe chekundu cha kuzimia kilikuwa palepale ubavuni, angeweza kukihesabia madoa. Hatua sita. Kamba iliyobaki juu haikutosha hatua sita. Ilikuwa imeishia mikononi mwake. Akiiachia kwenda kuzima, mtu wa chini hana anayemshika. Akiendelea kushika, hajui anamshika nani, aliye hai au aliyekufa.

"Diana!" alipiga kelele. "Mwalimu! Jamani!"

Sauti yake mwenyewe hakuisikia. Ikitoka mdomoni, injini iliimeza.

Labda anaimba. Bila shaka anaimba, amefika kwenye kiitikio, anafunga blanketi kwenye kulabu. Ukimvuta sasa utamtoa mikono mitupu naye atakucheka mwaka mzima. Ngoja kidogo. Mpe muda. Hesabu tu mpaka…



Gadiel hakuhesabu. Alirudisha mguu mmoja nyuma, akavuta.

Mtu aliye hai ukimvuta hukusaidia. Anakanyaga tofali, anajisukuma, kamba inakuja kwa vituo. Kamba hii ilikuja kwa uzito mmoja usio na miguu. Hapo Gadiel akajua. Alivuta, akazungushia kamba mkononi, akavuta tena, nyuzi zikamchuna ngozi ya kiganja. Buti ziliteleza kwenye tope la manyunyu. Alipiga goti moja, na kwa sekunde ile akahisi kamba ikirudi chini, dhiraa nzima, naye akalia kwa sauti, "Baba, mkono wako! Mkono wako!"

Mlango wa jiko ulifunguka. Mwalimu Pudensiana alikuwa anatoka kuja kulalamikia kelele. Aliona mtu amepiga goti ukingoni mwa shimo, amefumba macho, kinywa wazi. Alikuwa na miaka sitini na nane na magoti mabovu. Alitupa sinia alilobeba, akaja, akaikamata kamba nyuma ya Gadiel kama mtu aliyezaliwa kwa ajili hiyo. Walivuta pamoja. Kisha kukawa na mikono mingine miwili, na ndoo za Diana zilikuwa zinabingirika getini.

Lesikar alitoka kichwa kimelala begani. Uso ulikuwa wa rangi ya jivu. Diana alimlaza, akamfuta kinywa, akakimbia kuzima injini.

Ukimya uliangukia ua ule kama turubai. Wote walisikia manyunyu juu ya bati. Gadiel alikuwa ameweka sikio kwenye kifua cha shemeji yake, na hakuomba chochote kwa maneno. Alikuwa anasikiliza tu, kama alivyosikiliza miaka yote.

Kifua kikapanda. Lesikar akakohoa, akatapika, akavuta pumzi yenye sauti ya msumeno.

"Asante," Gadiel alisema. "Asante. Asante."

Jirani mwenye gari dogo alimpeleka Lesikar kituo cha afya, akiwa kati ya Gadiel na Mwalimu. Daktari alimwekea oksijeni, akauliza alikuwa chini kwa muda gani, Gadiel hakujua. "Angekaa dakika mbili zaidi," daktari alisema, "mngekuwa mnaongea na watu wengine, siyo mimi." Nosim akapigiwa simu. Alifika na kanga aliyoivaa kukamulia, hakusalimia mtu, akakaa kitandani kwa kaka yake akamshika mguu.

 Aliitazama tu mikono ya mumewe iliyofungwa bandeji, na Gadiel akaona afadhali angepigwa.

"Rudi kazini," Lesikar alinong'ona chini ya barakoa. "Mashine."

Saa nane ilikuwa inakaribia. Mwalimu Pudensiana aliitazama saa yake ya mkononi, akaivua, akaitia mkobani. "Wa ndoo siwaiti," alisema. "Nimeshika kamba yenu. Sitaki tena mtu yeyote aingie kwenye shimo langu, hata kama wageni watakwenda porini."

Kwa hiyo Gadiel alirudi Moshono. Diana alikuwa ameketi kando ya mashine, macho mekundu.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia."

"Kwa nini umeshika?"

"Alisema atashuka bila kamba."

Diana alifikiri. "Kaka, labda asingeshuka. Labda alijua tu utashika."

 Walimwaga maji ndoo kumi na tisa, wakakoroga kwa mti mrefu, wakasubiri. Ilikuwa kazi ya kuchosha roho, maana hakuna la kufanya ila kukoroga na kusubiri. Gadiel alihisi kila dakika kama chungu anayetembea shingoni. Lakini alisubiri. Saa tisa na nusu blanketi lilielea, jepesi kama jani la mgomba, kulabu ikaliokota mara moja. Mashine ilinyonya mpaka saa kumi na moja kasoro. Tochi ilipomulikwa, tofali za mwisho zilionekana, na sakafu ya shimo.

Blanketi lililomtoa Lesikar pumzi lilitoka kwa maji na subira ya saa moja na zaidi.

Walipopakia, Gadiel aliichukua kamba aliyoiosha kwa maji ya sabuni. Akachomoa kisu, akaikata vipande vinne. Kwa vipande hivyo akaifunga mashine kwenye guta, pembe zote nne, isidondoke njiani. 

Walifika kituo cha afya magharibi bado ina mwanga. Mwalimu alikuwa amewatangulia na bakuli la mtori wa ndizi na nyama. Lesikar alikuwa amekaa, barakoa imewekwa pembeni, anakula.

"Mtori ni chakula cha mzazi," alisema alipowaona. Sauti ilikuwa na makwaruzo lakini ni yake. "Mwalimu anasema nimezaliwa leo. Namwuliza, basi kipaimara changu lini?"

Mwalimu akacheka. Hata mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka. Nosim hakucheka.

"Shimo limeisha," Diana alisema. "Mpaka tofali."

"Nilijua. Si nililegeza blanketi?"

"Hukuligusa, mzee."

Lesikar alisimamisha kijiko hewani. "Sikumaliza hata mstari wa kwanza," alisema polepole. "Nilisema 'Baba', halafu sijui." Akamtazama Gadiel. "Ulijuaje kuvuta?"

"Sikujua. Sikusikia kitu. Nilivuta tu."

"Umefanya vizuri." Akarudi kwenye mtori. Kisha, kama mtu anayekumbuka kuchomoa pasi, akasema, "Jumatatu kule Kijenge tutakwenda mapema. Ile ni chemba tu, fupi, na hakutakuwa na injini ya kutuziba masikio. Tatizo leo lilikuwa ni ile injini. Tutaimba na tutasikilizana kama zamani."

Nosim aliutoa mkono wake kwenye mguu wa kaka yake.

Gadiel alisimama, akatoka nje. Diana alidhani amekwenda kulia. Lakini alirudi mara hiyohiyo akiwa ameshika konzi ya majani mabichi aliyoyang'oa kando ya kibaraza, yenye matone ya mvua bado. Nosim alipoyaona alikaa sawasawa. Lesikar alikiweka kijiko chini. Kwa watu wa kwao Lesikar, anayesimama mbele ya mkubwa wake na majani mkononi amekuja kwa amani, na anachokisema kinasikilizwa mpaka mwisho.

"Shemeji," Gadiel alianza.  "Miaka kumi na mmoja nimeshika kamba yako. Nilikuwa najiambia mimi ndiye ninayekulinda. Leo nimeona sivyo. Wewe unashuka kwa sababu unajua niko juu. Gerson naye alishuka na mafua kwa sababu nilikuwa juu. Kamba yangu haimtoi mtu shimoni. Ndiyo inayomwingiza."

"Na mimi nikishuka bila kamba?" Lesikar aliuliza. Safari hii hakukuwa na mzaha.

"Utakuwa umeshuka. Nitakuja kukulilia. Lakini hutanikuta ukingoni. Jumatatu nitakwenda Kijenge na Diana na mashine, na kama mpira haufiki tutaunga mwingine, na kama tope limekaza tutamwaga maji tusubiri mpaka Jumanne. Kamba nimeshaikata. Njoo utushikie mpira. Njoo uimbe, mzee wangu, uimbe kwa sauti, lakini ukiwa juu."

 Lesikar aliyatazama majani. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la dawa.

Gadiel aliinua mkono wenye bandeji, majani yakiwa ndani yake, akasema kwa sauti ili kila mmoja asikie:

"Mbele za Mungu aliyenipa nguvu ya kuvuta leo, na mbele yako Nosim, mke wangu, na wewe Mwalimu, na wewe Diana, na nyinyi wote mlio humu ndani, mimi Gadiel naahidi: mikono hii haitashika tena kamba ya mtu anayeshuka shimoni, mpaka siku nitakayozikwa."